Kidole Gumba cha Baba na Kompyuta Isiyojua Kungoja

Mimi ni mtu wa haraka. Nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa mbele. Chai naimeza ingali inatoa moshi, simu naipokea kabla haijalia sawasawa, na mteja akiingia dukani kwangu pale Ngamiani na kompyuta yake mbovu, hajamaliza kunieleza ugonjwa mimi nimeshachomoa skrubu. Marehemu mama alikuwa akinitania kwamba wenzangu walizaliwa, mimi nilichomoka. Baba yeye ni dunia nyingine. Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia kwa mkono, nyumbani kwetu Tongoni, na kofia moja angekaa nayo mpaka mwenyewe aje kuiulizia, arudi zake, aje tena, na baba amjibu kwa upole tu kwamba bado.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua upande wake wote wa kulia na ulimi juu yake. Kichwa nacho kikaachwa kinatikisika chenyewe, juu na chini, mchana kutwa. Ukimuuliza, "Baba, una njaa?" kinatikisika. "Baba, umeshiba?" kinatikisika vilevile. Wageni wakawa wanamuuliza wanachotaka na kujibiwa wanavyotaka, kisha wanaondoka wameridhika, na mimi nabaki nimefura kwa hasira. Maana ukimtazama machoni ulimwona yumo, mzima, anatusikiliza sote. Mwili mzima kilibaki kitu kimoja tu kinachomtii, kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Hicho kidole ndicho nilichokishika. Simu ilishindikana, kile kioo hakikumtambua, akigusa mara moja chenyewe kinaandika mara tatu. Lakini kitufe cha kibodi ni kitu cha kubonyea. Ukikibonyeza unajua umekibonyeza. Basi nikachukua kompyuta moja kuukuu ya dukani, isiyoweza kubeba mambo mazito, nikaandika programu yangu mwenyewe kwenye lile dirisha jeusi la maandishi matupu ambalo sisi mafundi tunaliita terminali. Herufi nilizipanga kwa safu. Taa, yaani kimwanga kwenye kioo, inateremka safu baada ya safu. Ikifika kwenye safu unayoitaka unabonyeza. Kisha taa inatembea herufi baada ya herufi ndani ya safu ile, unabonyeza tena, na herufi yako inaandikwa chini. Basi.

Ukilisikia hivyo utasema kazi ya mtoto. Thubutu! Programu ile ilitakiwa ifanye mambo mawili kwa wakati mmoja, kuitembeza taa na kutega sikio. Ikisimama kusikiliza, taa nayo inasimama. Ikishughulika na taa, kidole kinabonyeza na hakuna wa kusikia. Dawa yake niliihangaikia mpaka nikaipata. Niliifundisha isikilize kwa muda wa pumzi moja tu. Kama kitufe hakikubonyezwa, inapewa jibu "hakuna", inaitazama taa kama wakati wake wa kusogea umefika, halafu inarudi kusikiliza tena. Na tena, na tena, siku nzima, bila kuchoka wala kununa.

Siku ya kwanza tulimzunguka sote, mimi, mdogo wangu wa kike na shangazi, dada yake baba, anayekaa naye pale nyumbani. Tulikuwa tumejiandaa kulia. Nilikuwa na hakika ataandika alhamdulillahi, au jina la mama. Taa ikashuka, ikapanda, kidole kikabonyeza, herufi zikaja moja moja kama matone ya mvua. PUNGUZA REDIO. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka na machozi yananitoka, kwa sababu huyo alikuwa baba hasa, si mwingine.

Toka hapo akawa anasema. Alisema uji umepoa, alisema nguo zake zimepigwa pasi vibaya, alimwambia shangazi kwamba anakoroma. Wallahi, baba alizungumza nasi kwa kidole kile kuliko alivyozungumza miaka yote alipokuwa na ulimi. Na posa ya mdogo wangu ilipoletwa na watu wa Maramba, aliijibu mwenyewe. Aliandika, KIJANA ANASALIMU VIZURI. NIMEPENDA. Shughuli ikapangwa, nikahi iwe Ijumaa baada ya Alasiri, hapohapo nyumbani Tongoni.

Sasa mjue na habari ya ami. Ami ni mdogo wake baba, anaishi Mwera kwenye minazi yake. Anampenda kaka yake, hilo simpunji hata chembe, akija hubusu mkono wake na macho yanamlengalenga. Lakini hakuwahi kuketi mpaka baba akamaliza neno zima, kwa kuwa neno zima la baba lilitaka muda wa kunywa kikombe cha kahawa taratibu, na ami kila akija kuna mtu anamngoja mahali. Alikuwa anayasoma maneno yaliyokwisha andikwa, anatabasamu, ananipigapiga bega. "Unajitahidi, mwanangu. Mungu atakulipa." Nilijua kinachopita kichwani mwake. Alidhani maneno naandika mimi.

Jumatatu ya wiki ileile ya nikahi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya baba ikatoa harufu mbaya na kunyamaza. Nilipoifungua nilikuta chumvi ya bahari ilishaila tumbo zima, umeme ulikuja kumalizia tu. Haikuwa na tiba. Nikasema si neno, fundi ni mimi. Nilichukua kompyuta nyingine pale dukani, mpya mpya, nikaiwekea mfumo endeshi wa toleo la karibuni kabisa, nikahamishia programu ile. Nikaijaribu kwa mikono yangu, ta-ta-ta-ta-ta juu ya kitufe, herufi zikamwagika kwenye kioo. Imekubali hiyo! Nikapanda bodaboda kwenda Tongoni nikiwa na furaha zangu.

Nikamwekea baba kibodi mapajani. Akafumba macho kidogo, akafumbua, akaingoja taa, akabonyeza. Kimya. Taa ikapita kama haikuona kitu. Akangoja izunguke, akabonyeza tena. Kimya. Kompyuta ikaanza kupata joto, feni yake ikavuma kama inapanda mlima, na kidole cha baba kinakwenda juu na chini bila hata herufi moja. Nikaizima, nikaiwasha, nikaijaribu mwenyewe. Ta-ta-ta-ta, herufi hizo zimejaa! Nikamrudishia baba, kiziwi. Nikabadilisha kibodi. Kwangu inasikia, kwa baba kiziwi. Jamani! Nilifanya hivyo mpaka mdogo wangu akanishika mkono na kuniambia nipumzike, namtia baba simanzi.

Na hapa ndipo jambo lilipokuwa zito. Kwetu binti haolewi bila walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, na walii wa kwanza ni baba yake mzazi. Baba akiwa hana akili timamu, au hana njia ya kujieleza, uwalii unahama. Babu zetu wamekwisha tangulia, kaka hatunaye, kwa hiyo ungekwenda kwa ami. Mdogo wangu hakutaka kabisa. Alitwambia mimi na shangazi, bila kupandisha sauti, "Baba yangu yu hai. Sitaki niozeshwe kama yatima."

Jumatano ami alikuja na sheikh atakayefungisha nikahi. Tuliwaamkia, wakaitikia, wakakaa mkekani mbele ya baba. Sheikh ni mtu mpole, hana papara. Alimweleza baba kwa heshima zote kwamba amekuja kumsikia mwenyewe. Baba akajiandaa. Akabonyeza, akabonyeza tena. Taa inateremka na kupanda, haina habari naye. Jasho likamtoka kipajini, nami nikalifuta na ncha ya mtandio wangu. Sheikh alitazama kioo, akatazama kidole, akasema polepole kwamba hata kompyuta yenyewe inahema.

"Kaka amechoka," ami akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Mwanangu, tumwachie apumzike. Tusimfanye maonyesho mbele za watu."

"Ami, hajachoka! Ni hiki kidude!"

"Mbona wewe ukikibonyeza kinaandika?"

Sheikh ndiye aliyenusuru. Alisema, "Akijieleza kwa maandishi yake mwenyewe, uwalii ni wake na hakuna wa kumpokonya. Lakini mimi nafuata ninachokiona. Ijumaa nitamuuliza tena, na mtu mwingine asiguse hiyo kibodi. Nikimfahamu, nitamfuata yeye. Nisipomfahamu, ami yenu yupo." Baba alikuwa anasikia kila neno. Chozi moja lilimshuka upande ule wa kushoto, na kichwa chake kiliendelea kutikisika, juu na chini, kama kinakubali yote yaliyosemwa.

Sitaficha, na mimi shaka iliniingia. Maana ilikuwa kweli, kwangu inaandika. Labda kiharusi kilirudi kimyakimya na kuchukua kile kidogo kilichobaki. Labda kidole kinakwenda tu kama kichwa kinavyokwenda. Niliogopa kuliko siku ya kwanza aliyoanguka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa namlisha uji, kompyuta iko mbele yetu. Nikaiwasha upya, nikamwekea kibodi, na kwa kuwa nilishakata tamaa na kioo, nikamtazama yeye. Alifumba macho. Pembe ya kushoto ya mdomo wake ikacheza, kidogo sana, mtu asiyekaa naye asingeona. Ikacheza kwa mpangilio. Nikauinamia uso wake. Baba alikuwa anasoma bismillahi. Nzima, herufi kwa herufi, bila sauti, kama alivyoisoma maisha yake yote kabla ya kuchoma sindano ya kwanza kwenye kofia. Alipomaliza ndipo alipofumbua macho na kuitafuta taa.

Mimi nilikuwa sijawahi hata siku moja kuijaribu kompyuta ile hivyo. Nilikuwa nikiiwasha tu naivamia, ta-ta-ta, sina salamu wala nini. Basi nikaizima, nikaiwasha, nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo kwa nguvu, nikaisoma bismillahi taratibu kama baba, mpaka mwisho. Kisha nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kabisa, na feni ikaanza kuvuma.

Nilipiga ukelele. Shangazi akatoka jikoni mbio na mwiko wake wa ugali. "Kuna nini? Kuna nini?"

"Shangazi, imenigomea na mimi! Hainisikii!"

"Sasa hiyo ndiyo ya kushangilia?"

"Ndiyo! Si baba! Si baba, shangazi, ni hii mashine!" Nikamkumbatia na mwiko wake, ukanipaka ugali shingoni. Baba alinitazama, na yale macho yake yalikuwa yananicheka.

Nikarudi mjini na kompyuta yangu kwapani. Dukani nina kompyuta moja ya zamani ya kuchapishia, ina mfumo wa toleo la nyuma kabisa, sijaugusa kwa kuwa unafanya kazi. Nikaihamishia programu ileile, haijapungua nukta. Nikasoma bismillahi, nikabonyeza. Ikaandika. Nikanyamaza kwa muda mrefu zaidi, mpaka mteja akauliza kama naumwa. Nikabonyeza, ikaandika. Ile mpya ikinyamaziwa kidogo tu, kiziwi mpaka uizime. Programu moja, kitufe kimoja, mtu mmoja, na matoleo mawili ya mfumo yanasikia tofauti.

Basi nikaifanya programu iwe inaniambia kila inachojibiwa. Kwenye mashine ya zamani, nikiwa sijabonyeza kitu, ilianza kuniandikia "hakuna". Pumzi moja ikapita. "Hakuna." Pumzi nyingine. "Hakuna." Kwa utulivu wake, kama mtu anayefungua dirisha kuchungulia, kisha anafunga, kisha anachungulia tena. Nikageukia ile mpya. Pumzi moja ikapita, "hakuna". Halafu, loo! Hakuna hakuna hakuna hakuna, kioo kizima kikajaa, maneno yanakimbia hata macho hayayafuati, na feni inalia. Hakukuwa na pumzi tena katikati. Hakukuwa na anayechungulia.

Nilikaa kwenye kigoda nikalitafakari mpaka nikalielewa. Kati ya kidole na programu kuna watumishi wengi, kila mmoja anampokeza mwenzake. Mmoja wao kazi yake ni kutumwa kuuliza kama kuna kitu kimebonyezwa. Ni kama mtoto unayemtuma chumvi kwa jirani. Yule wa zamani, akiambiwa hakuna, anarudi kukwambia hakuna, na ukimtuma tena anakwenda tena kugonga mlango. Huyu mpya akiambiwa hakuna mara moja, anahesabu kwamba huo ndio mwisho, nyumba ile haina kitu tena. Ukimtuma tena hatoki hata kibarazani, anakujibu hapohapo alipo, hakuna. Na jirani kule amesimama mlangoni na chumvi yake mkononi, anaita.

Baba alikuwa anaita. Kila alipobonyeza, ule mbonyezo ulifika, ulipokelewa, ulikuwa umekaa palepale unangoja mtu aje auchukue, na hakuna aliyetumwa. Ule ukimya wake wa mwanzo, wa kumtaja Mungu, ulichukuliwa kwamba amekwisha kusema.

Na mshangao wangu haukuishia hapo. Nilikuja kusoma baadaye kwamba huyu mpya ndiye aliyefuata sheria. Sheria ya zamani ya mafundi ilikuwa inasema hivyo tangu mwanzo, ukiambiwa mwisho, shika kwamba ni mwisho. Yule wa zamani ndiye aliyekuwa mkosaji, na watu wa mbali nisiowajua, kwenye nchi zao huko, waliliona kosa lake wakalirekebisha, wala hawakuwa na ubaya. Subhanallah. Kwa hiyo siku zote zile baba alipokuwa akitutania kuhusu uji na pasi, sauti yake ilikuwa inapita kwenye kosa la mtu. Kosa dogo, la huruma, lililokubali kurudi kuuliza tena. Nilihisi kuogopa, ile hofu ya msikitini, jinsi maneno ya mzee wa Tongoni yalivyokuwa yananing'inia kwenye uzi mwembamba kiasi kile na sisi hatujui.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Mmoja tu! Kila ikiambiwa "hakuna", programu imfutie yule mtumishi ile alama ya kwamba mambo yamekwisha, ili akitumwa tena aende. Nikauandika. Kisha ikabidi nifanye jambo gumu kwangu kuliko yote, nikae kimya. Nikasoma bismillahi. Nikasoma alhamdu yote mpaka amina. Nikaingoja taa ishuke, ipande, ishuke tena. Nikabonyeza.

Ikaandika. Nililia kwa sauti pale dukani, mteja akadhani nimepokea habari ya msiba akaanza kunipa pole.

Ijumaa baada ya Alasiri sebule yetu ilijaa. Watu wa Maramba upande mmoja na bwana harusi wao aliyekaa kama kinyago kwa woga, watu wetu upande wa pili, sheikh na mashahidi mbele ya baba. Mdogo wangu alikuwa chumba cha ndani pamoja na wanawake, pazia tu limetutenga. Mimi nilikubaliwa kukaa kando ya kompyuta ila nisiiguse, na niliikunja mikono yangu kwapani kama mtu mwenye baridi. Ami alikaa kulia kwa kaka yake. Kanzu ya baba ilikuwa imepigwa pasi na shangazi, safari hii vizuri.

Sheikh akamwinamia. "Mzee wangu, umeniwakilisha nimwozeshe binti yako kwa huyu kijana? Ukikubali, niandikie, nimekuwakilisha."

Baba akafumba macho, akafumbua. Taa ikateremka mpaka chini. Ikaanza juu, ikateremka tena. Hakubonyeza. Watu wakaanza kukohoakohoa. Ikateremka mara nyingine. Mimi ndani yangu kulikuwa kunawaka moto, nikaona imekufa, imerudia, nimekosea mahali. Mkono wangu ukachomoka wenyewe kwenda kwenye kibodi, na ami akaudaka.

"Muache," akaninong'oneza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anakitazama kidole, na alikuwa amekisogelea sana.

Kidole kikashuka. Taa ikasimama kwenye safu ya kwanza. Kikashuka tena. A. Ami akavuta pumzi, nilimsikia. M ikaja, kisha E. Hapakuwa na mtu aliyekohoa sasa. Herufi zilikuja moja moja, na kila moja ilingojewa na sebule nzima, wazee kwa vijana, shingo zimenyooshwa. Sheikh akasoma neno lilipotimia, akalisoma mara mbili.

"Ameulizwa?"

Shangazi akajibu toka nyuma ya pazia, sauti juu. "Kaulizwa! Nimemuuliza mwenyewe asubuhi. Kainamisha kichwa, kanyamaza. Kakubali!" Na kwetu ndivyo ilivyo, mwali akinyamaza amekubali, hakuna bibi harusi anayepayuka. Sheikh akakubali kwa kichwa. Wanaume wakakubali kwa vichwa. Baba naye kichwa chake kilikuwa kinatikisika, juu na chini, juu na chini, lakini kidole kilikuwa kimeshaanza kazi. Ami alikuwa anazitaja herufi kwa sauti kadiri zinavyokuja, sidhani kama mwenyewe alijijua.

"A. S. E. M. E." Kisha akalisema lote. "Aseme. Kaka anataka aseme mwenyewe."

Nyuma ya pazia kulikuwa na mnong'ono wa wanawake, halafu hata huo ukakoma. Nilimwonea huruma mdogo wangu, mbele ya wakwe zake, mbele ya mji mzima. Hakuna aliyemjibia. Baba aliangalia pazia na kungoja, kwa ile namna yake ambayo mimi sikujaliwa.

"Nimeridhia, baba," mdogo wangu akasema. Sauti ilianza ndogo kisha ikasimama imara. "Nimeridhia. Niozeshe wewe."

Machozi ya baba yalishuka na hakuna aliyethubutu kuyafuta. Kidole kikaanza upya. N. I. M. E. Ami aliendelea kutaja, na baadhi ya watu wa Maramba wakawa wanataja pamoja naye chini kwa chini, K, U, W, A. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kuyaandika, na kila mtu mle ndani alikwisha kulijua kabla halijafika nusu. Sheikh alikuwa ameshauchukua mkono wa bwana harusi. Lakini hakufungua kinywa. Alikaa hivyohivyo, macho kwenye kioo, mpaka taa ilipozunguka kwa mara ya mwisho na baba akaibonyeza herufi iliyokuwa imebaki.